Tuache Mshubiri Dirishani, Tutoke Tukaangalie Magome

Kwenye mkutano wa chama wa mwezi wa pili, uliotuunganisha kwa video wanachama wa Louisville, Columbus na Buffalo, kulikuwa na ajenda moja ndogo mwishoni: mradi wetu wa majira ya kuchipua. Tulidhani itakwisha kwa dakika kumi. Ilikula saa nzima, na tulipopiga kura zikalingana.

Pendekezo la kwanza lilitoka kwa wenzetu wa Columbus. Kila mwanachama aoteshe mshubiri mmoja kwenye chungu, na kufikia mwezi wa tano tuwagawie wazee wetu na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, pamoja na kijitabu cha Kiswahili kinachoeleza matumizi yake. Pendekezo la pili lilitoka Buffalo, na lilichekwa kabla halijamaliza kusomwa: tutoke na watoto wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, tukatafute na kuhesabu kuvumwani kwenye miti ya mitaa tunayoishi. "Kuvu-nini?" aliuliza mtu ambaye hakujua kwamba kipaza sauti chake kiko wazi.

Mwalimu mlezi ametutaka kila upande uandike hoja zake kwenye jarida, kisha tupige kura tena kabla ya mitihani. Sisi tunaoandika hapa ni watu wa kuvumwani. Hatuuchukii mshubiri, wengi wetu tunao chumbani, na mmoja wetu amekuwa na wake tangu akiwa darasa la tisa kule Louisville. Lakini tukiviweka viwili hivi bega kwa bega, tunaona kimoja kina kazi ya kutufanyia mwaka huu na kingine hakina.

Tuanze na neno lenyewe, maana nusu ya kicheko ilitokana nalo. Kuvumwani ni kuvu na mwani kwa pamoja. Ukipita kwenye bustani yoyote ya miji yetu mitatu utaiona bila kuitafuta: mabaka ya kijivu, ya kijani kibichi kilichofifia au ya manjano, yaliyoganda kwenye magome ya miti, kwenye mawe, hata kwenye makaburi ya zamani ya Cave Hill kule Louisville au Forest Lawn hapa Buffalo. Tuliwauliza mama zetu wanayaitaje. Mmoja alisema ni magamba ya mti. Mwingine alisema ukungu. Mama mmoja aliyekulia Uvira alisema ni ugonjwa wa muti na kwamba ukiuona ujue muti unakufa. Hilo la mwisho si kweli, na ni vizuri kulisema mapema. Kuvumwani haina mizizi ya kuunyonya mti. Inakaa juu ya gome kama vile sisi tunavyokaa juu ya kiti. Inaonekana zaidi kwenye matawi yaliyopukutika majani kwa sababu huko kuna mwanga, na watu wakaona vyote viwili kwa pamoja wakadhani kimoja kimeleta kingine.

Aina tunayopendekeza kuanza nayo kwa kitaalamu inaitwa Flavoparmelia caperata. Ni ya kawaida katika misitu na bustani za mashariki mwa Marekani. Jina lake la Kiingereza maana yake ni ngao ya kijani, nasi kwenye makala hii tutaiita hivyo, ngao-kijani. Mwenye jina bora alilete. Inakua kama duara lililobanana na gome, yenye kingo za mviringo na rangi ya kijani yenye unjano kidogo, na katikati imekunjamana na kufanya unga. Hukua milimita chache tu kwa mwaka. Duara lenye upana wa kiganja huenda likawa na umri unaokaribia wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Sasa mshubiri. Huu haumhitaji mtu kuutambulisha. Kisayansi ni Aloe vera, na asili yake ni Bara Arabu, hasa milima ya kaskazini mwa Oman, nchi ambayo ndani yake mpaka leo wapo watu wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao. Jina letu pia limetoka Uarabuni: subiri, ule utomvu mchungu uliokaushwa, na subira, ile ya kungoja, ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Ndiyo maana mtu akionja kitu kibaya husema ni kichungu kama shubiri, na akivumilia tunasema ana subira. Afrika Mashariki ina mishubiri yake mingine mingi ya porini, na ilivunwa vibaya kiasi kwamba mwaka 1986 Kenya ilipiga marufuku kwa amri ya rais uvunaji wa ile ya porini.

Mwili wa mshubiri ni tangi. Jani lake nene limejaa ute ambao karibu asilimia 99 ni maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili iingize kaboni dayoksaidi, na hapohapo hupoteza maji kwa jua. Mshubiri hufanya kinyume. Hufungua usiku kukiwa na ubaridi, huihifadhi ile hewa katika umbo la asidi, na kukicha hujifungia ndani na kufanya usanisinuru wake kwa akiba ya usiku. Ni mmea wa mtu mwenye duka lenye ghala. Ukiusahau wiki tatu wakati wa likizo utaukuta hai. Adui yake mkubwa hapa kwetu ni baridi: maji yale yakiganda, jani linageuka uji. Mshubiri uliosahauliwa kibarazani Buffalo usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja hauna asubuhi ya pili. Kwa hiyo unaishi dirishani, au kwenye nyumba ya vioo kama ile ya Buffalo and Erie County Botanical Gardens, iliyofunguliwa mwaka 1900, ambako mimea ya jangwani inatunzwa kwa joto la kununua huku nje theluji imefika magotini.

Ngao-kijani haina ghala. Haina mizizi, haina ngozi ya nta ya kuzuia maji yasitoke, haina hata vitundu vya kufungua na kufunga. Mvua ikinyesha inalowa, inakuwa laini na ya kijani zaidi, na inafanya kazi. Jua likichomoza inakauka, inakuwa kama karatasi, na inaacha kazi. Haifi, imesimama tu. Inaweza kukauka na kulowa mara nyingi kwa wiki moja. Majira ya baridi ya Buffalo inayapitisha nje, juu ya gome, bila kuombewa. Mwaka 2005 wanasayansi wa Ulaya walipeleka aina mbili za kuvumwani angani, nje kabisa ya hewa ya dunia, kwa muda wa wiki mbili hivi, na ziliporudi zilikuwa bado hai. Jaribu hilo na mshubiri wako.

Tumeona wenzetu wanapenda kusema mshubiri ni alama ya kujitegemea na kwamba chama kinahitaji alama hiyo. Sawa. Lakini tuulize nani anautegemeza mshubiri wa Columbus. Anayelipa bili ya umeme.

Kuna ugumu mmoja katika ulinganisho huu na hatutaki kuuficha, kwa sababu mwalimu wa biolojia aliye mwanachama wetu atauona. Tunaposema spishi ya mshubiri tunazungumzia kiumbe kimoja, mmea, wenye wazazi na watoto. Tunaposema spishi ya kuvumwani tunazungumzia jina ambalo kwa kanuni za sayansi ni la kuvu peke yake. Ule mwani ulio ndani una jina lake na ukoo wake. Kuvu hujenga nyumba, hushika gome, hunyonya maji ya mvua na umande. Mwani hukaa ndani ya kuvu, karibu na juu ambako mwanga unafika, na kutengeneza sukari ambayo kuvu huila. Mtaalamu wa Uswisi, Simon Schwendener, ndiye aliyeeleza katika miaka ya 1860 kwamba hivi ni viumbe viwili, na wataalamu wenzake wa kuvumwani walimdhihaki kwa miaka mingi, kwa sababu waliona amewavunjia kitu walichokipenda. Hata hivyo hadithi haikuishia kwa wawili. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walionyesha kwamba katika kuvumwani nyingi yupo na kiumbe wa tatu, kuvu wa aina ya hamira, aliyekuwa amejificha kwenye ngozi ya juu muda wote ambao watu walikuwa wakichungulia kwa hadubini. Kwa hiyo swali la nani hasa tunamlinganisha na mshubiri halina jibu fupi. Tunailinganisha nyumba nzima na mtu mmoja.

Hata uzazi wao unaonyesha hilo. Mshubiri huchipuza vitoto pembeni ya shina, unavichomoa, unavipanda, kila kimoja ni nakala ya mama. Ule unga wa katikati ya ngao-kijani ni vipande vidogo sana ambavyo kila kimoja kimebeba nyuzi za kuvu na chembe za mwani pamoja, upepo ukikipeleka gome jipya kinaanza maisha na mwenzake. Kuvu ikitawanya mbegu zake peke yake bila mwani, inabidi ibahatike kumkuta mwani huko inakotua.

Walimu wetu wa historia watatusamehe tukiingia kidogo shambani kwao. Wapo waliosema mkutanoni kwamba mshubiri ni wa kwetu na kuvumwani ni jambo la Wazungu wenye muda. Si kweli. Pwani ya Waswahili iliviuza vyote viwili. Vitabu vya wafamasia vya karne ya 19 vina bidhaa iitwayo subiri ya Zanzibar. Na katika orodha ya bidhaa zilizopita forodha ya Zanzibar karne hiyohiyo, pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, kuna kuvumwani ya jamii ya Roccella, iliyokusanywa kutoka kwenye miti ya pwani na kupelekwa Ulaya kutengenezea rangi ya zambarau. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaiita marere. Kwa hiyo babu zetu walikuwa na neno, angalau kwa ile iliyokuwa na bei. Rangi ilipatikana kwa kuiloweka kwenye amonia, na amonia ya bei nafuu zamani ilikuwa mkojo uliolala. Tunaacha picha hiyo kwa msomaji. Kisha mwaka 1856 kijana wa London, William Perkin, akatengeneza rangi ya zambarau maabara, viwanda vikafuata njia hiyo, na soko la marere likafifia. Kilichobaki ni litmasi. Kila aliyesoma kemia kidato cha kwanza Kisumu au Morogoro ameishika karatasi ya litmasi, bluu au nyekundu, na rangi ile chanzo chake cha asili ni kuvumwani hizohizo. Tuliwahi kupimia limau na sabuni kwa kitu chenye asili ya kuvumwani kama zile za magome ya pwani yetu, na hakuna aliyetuambia.

Tunafika kwenye kijitabu. Hapa hatuna utani.

Rasimu ya kurasa nne ambayo wenzetu wa Columbus waliisambaza ina sehemu inayoeleza jinsi ya kunywa mshubiri kwa tumbo, kwa homa na kwa sukari, na vipimo vya vijiko. Tunajua vilikotoka: vimetoka kwa bibi, na bibi hakusema uongo kuhusu alichokiona. Lakini jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti. Kuna ule ute mweupe wa ndani, ambao watu hupaka kwenye ngozi iliyoungua. Na kuna utomvu wa manjano ulio chini tu ya ganda, ndiyo shubiri yenyewe, wenye aloini, unaoharisha kwa nguvu. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliondoa dawa za kuharisha zenye utomvu huo kwenye orodha ya dawa zinazoruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Mtu anayekata jani jikoni na kulisaga zima anakunywa vyote viwili. Baba wa mmoja wetu anatumia dawa za moyo. Mtu anayeharisha hupoteza potasiamu, na mgonjwa wa moyo kupoteza potasiamu si jambo la kuchezea. Chama cha wanafunzi wa lugha kikichapisha vipimo hivyo kwa Kiswahili kizuri, wazee watavifuata kwa sababu ni Kiswahili kizuri. Tunaomba sehemu hiyo iondolewe hata kama mradi wa mshubiri utashinda kura.

Na sasa sababu yetu kubwa, ambayo mkutanoni hatukuisema vizuri kwa vile tulikuwa tumeudhika na kicheko.

Mmoja wetu alikuwa na miaka kumi na mmoja alipokaa kwenye chumba cha daktari, katika mji ambao hatutautaja, akimtafsiria mama yake habari za mdogo wake mwenye pumu. Daktari alisema njia za hewa zimevimba kwa ndani na kwamba ni vizuri kujua ni kitu gani hewani kinamsumbua mtoto. Mtafsiri wetu hakuwa na maneno. Alimwambia mama, "Anasema kifua kimekasirika." Mama aliuliza kimekasirikia nini. Akajibu, "Hewa." Mama alitazama dirisha, akafunga. Alilifunga majira yote ya joto, kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi, yenye ukungu wa bafuni na moshi wa jikoni. Tumesikia hadithi za namna hiyo kutoka kwa wanachama wasiopungua sita, na si wote wa mji mmoja. Sisi ndio tunaotafsiri majumbani. Na Kiswahili tulichofundishwa, tukisema bila kumkosea heshima mwalimu yeyote, ni cha kuagiza chai na vitumbua, cha kupatana bei ya kanga, na cha kuchambua riwaya. Hatujawahi kupewa zoezi la kueleza hewa.

Wanachama wa Buffalo wengi tunaishi upande wa magharibi wa mji, si mbali na Peace Bridge, daraja la mwaka 1927 linalovusha malori kwenda na kutoka Canada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari mwenye jina la Kiganda, Jamson Lwebuga-Mukasa, akiwa na wenzake, alichapisha tafiti zilizohusisha wingi wa magari kwenye daraja hilo na wingi wa watu wa mitaa ya jirani waliokwenda hospitali kwa pumu. Fikiria: mtu wa Afrika Mashariki aliifanya kazi hiyo kabla wengi wa wazazi wetu hawajaondoka Nyarugusu au Kakuma, na sisi tumeisikia mwaka huu tu, kwa bahati, tukitafuta kitu kingine. Kusini kidogo, Lackawanna, kiwanda cha Bethlehem Steel kilitema moshi kwa miongo mingi mpaka kilipoacha kufua chuma mwaka 1983. Louisville ina Rubbertown, eneo la viwanda vya kemikali lililokua wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mpira wa kutengenezwa, na mwaka 2005 mamlaka ya hewa ya mji huo ililazimika kuanzisha mpango maalumu wa kupunguza sumu hewani. Columbus haina jina kubwa la namna hiyo, ila ina barabara kuu pande zote, na nyumba za kupanga ambazo mtu aliyefika jana anaweza kuzimudu mara nyingi ndizo zilizo karibu na barabara hizo.

Kuvumwani inaingia hapa kwa sababu ya ule umaskini wake. Kwa kuwa haina mizizi wala ngozi, kila inachokula na kunywa inakipata kwenye hewa na mvua, pamoja na uchafu uliomo. Mshubiri wa dirishani hauwezi kukuambia lolote kuhusu barabara, umejifungia. Mwaka 1866 mtaalamu wa Ufini aliyeishi Paris, William Nylander, aliandika kwamba kuvumwani zilizostawi kwenye bustani ya Luxembourg hazikuonekana kwingineko mjini, na kwamba zingeweza kuwa kipimo cha usafi wa hewa. Mwaka 1970 Hawksworth na Rose wa Uingereza walitoa ngazi ya kukadiria salfa dayoksaidi kwa kuangalia tu ni aina zipi zinaishi kwenye magome. Salfa hiyo imepungua sana Marekani tangu sheria ya hewa safi ya mwaka huohuo, na kuvumwani zimerudi kwenye miji mingi. Sasa kinachosumbua zaidi kando ya barabara ni naitrojeni na vumbi jembamba, na zipo aina ndogo za kijivu, kama Physcia millegrana, zinazovumilia na hata kupenda naitrojeni. Mti uliojaa hizo ndogo na usio na ngao-kijani hata moja, huku mti wa aina ileile kwenye bustani ya maili mbili mbele ukiwa nazo tele, unastahili swali.

Swali tu, tunasisitiza. Mwalimu mmoja alituonya, na yuko sahihi, kwamba kuhesabu magamba ya miti si kupima hewa. Ukavu, kivuli, umri wa mti na aina ya gome vyote vinaingia. Kama chama kingekuwa na fedha za mashine za kupimia vumbi, tungependekeza mashine. Hatuna. Tuna watoto ishirini na kitu wa Jumamosi, kamba, na macho. Na mashine haitamfundisha mtoto kusema kwa Kiswahili kwamba gome hili ni kavu kuliko lile, kwamba hizi zimekufa kingo, kwamba upande unaotazama barabara una chache. Katika kuandika makala hii tumelinganisha viumbe viwili kwa kurasa kadhaa na lugha haijatukwamisha popote, isipokuwa jina moja tulilolazimika kulibuni.

Pingamizi la mwalimu mwingine lilikuwa la lugha: kwamba kuvumwani ni neno la kamusi, halina mdomo unaolisema. Hata baiskeli lilikuwa geni siku moja. Lakini tunakubali nusu. Tusilazimishe. Tuwaulize wazee tukiwa njiani, tuandike magamba ya mti na ugonjwa wa muti na lolote litakalotokea, la Uvira, la Bujumbura, la Mombasa, na kando yake tuandike neno la kitaalamu. Tumechoka pia na ile tabia ya kusahihisha Kiswahili cha wenzetu wa Congo kabla hatujasikia wanachosema. Mama yule alikosea kuhusu ugonjwa, ila katika wote tuliowauliza ndiye pekee aliyekuwa amewahi kuutazama mti kwa karibu.

Basi hili ndilo tunaloliomba. Jumamosi tatu za mwezi wa nne, kila mji mahali pawili: mtaa mmoja tunaoishi na bustani moja kubwa. Louisville wana Iroquois Park, iliyo jirani kabisa na familia nyingi za kwao. Buffalo wana Delaware Park. Zote mbili ni kazi ya Frederick Law Olmsted. Columbus watachagua wenyewe, nao wana bahati zaidi yetu, kwa kuwa jimbo lao lina Ohio Moss and Lichen Association, watu wanaozijua kuvumwani za kila wilaya na ambao tunaweza kuwaandikia. Miti kumi ya aina moja kila mahali, gome litazamwe kutoka usawa wa kiuno hadi kichwa cha mtu mzima, pande nne. Hakuna kubandua, kipande cha miaka kumi na tano hakirudi kwa muhula mmoja. Tupige picha, tupime kwa kamba, watoto waandike maelezo kwa mkono wao.

Na mishubiri iendelee. Vitoto vya ule wa Louisville viko saba na mwenyewe anavitoa bure, akiomba tu kijitabu kisiwe na ukurasa wa vijiko. Wa Buffalo wanaotaka kimoja waje na chungu chenye tundu chini, na wasikipitishe nje kwenye baridi bila kukifunika.